Mgomba Uliotoboa Dari

Shule ya msingi ya Sawame ilifungwa mwezi Machi. Wanafunzi wake sita wa mwisho wakahamishiwa shule ya bondeni, na Tokuji Oikawa, mtunza shule kwa miaka thelathini na moja, akabakizwa miezi michache atoe vitu na kukabidhi funguo. Hakuna bomba la shule ile lenye tabia ya kuganda asilolijua, wala dirisha lililotaka kusukumwa kwa bega. Oktoba ilipoingia na vilele vya milima vikaanza kuvaa nyeupe, karani wa ofisi ya mji alikuja na orodha yake, akapita chumba kwa chumba akibandika karatasi: njano kwa vya kuhifadhi, bluu kwa vya kuuza, nyekundu kwa vya kutupa.

Mwisho alitokea kwenye baraza ya kusini, palipokuwa na vyungu vitatu vikubwa vya migomba. Akachomoa karatasi tatu nyekundu.

"Hiyo iache," Tokuji alisema.

"Ni mali ya shule, Bwana Oikawa?"

"Kuna mwalimu wa sayansi aliuleta mche wa kwanza, kisha akahamishwa. Watoto wakaukuza. Mimi nilikuwa namwagilia."

"Basi haina mwenyewe." Karani akabandika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shule nyingine mbili za kumaliza wiki ile. "Isitoshe, baridi ya huku itaiua tu. Na ndizi zenyewe, mzee wangu, dukani ni yeni mia moja na hamsini."

Tokuji alimsindikiza hadi kwenye gari, akamwinamia kama adabu inavyotaka, akangoja gari lipotelee ng'ambo ya daraja. Kisha akarudi barazani, akazibandua zile karatasi moja moja na kuzitia mfukoni.

Kulikuwa na jambo ambalo karani hakulijua. Migomba ile mitatu ilikuwa na mama, na aliyemuua mama huyo ni Tokuji mwenyewe. Majira ya baridi ya miaka miwili nyuma aliuweka ule mgomba wa kwanza katika chumba cha walimu, ubavuni mwa hita, akaumwagilia kila asubuhi kwa huruma. Kadiri ulivyonyauka ndivyo alivyozidi kuupa maji. Februari shina likalainika, na siku alipolishika ili aliegemeze ukutani, likamjia mkononi likitoa harufu ya mtaro. Watoto hawakulia. Walisimama wakitazama, na mmoja akauliza kama mgomba nao unaweza kuzama majini. Swali lile lilimkaa Tokuji kifuani kama mwiba wa samaki. Alipofukua kisiki alikuta machipukizi matatu bado mazima pembeni. Akayatenga kwa kisu, akayapanda, na tangu siku ile akajiapiza kwamba hataua mgomba mwingine kwa ujinga wake.

Jioni ile alivipakia vyungu vyote vitatu kwenye pikapu yake ndogo, akateremka navyo nyumbani. Mkewe Fumie alikuwa uani akitundika figili za kukausha.

"Uliniambia unaleta meza," Fumie alisema.

"Meza imebandikwa bluu."

"Na hii ni nini?"

"Migomba."

"Naona ni migomba, baba. Nauliza italala wapi. Nyumba hii ina chumba kimoja chenye moto, na humo tunakaa mimi, wewe na kikohozi chako."

"Ikikaa nje, Novemba haifiki."

Fumie alitundika figili mbili nyingine. "Mmoja," alisema. "Tena uwe ule mfupi. Na usinitume kuupa maji, maana ukifa sitaki kesi."

Ukawa umepona mmoja. Kwa miwili iliyobaki, Tokuji alikwenda asubuhi yake kwenye hamamu ya maji moto pale kwenye njia panda. Mwenye hamamu, Kiyo, alikuwa amesoma na dada mkubwa wa Tokuji, na hadi leo alimwita kama alivyomwita alipokuwa akikimbia na makamasi. Nyuma ya hamamu palikuwa na chumba cha kukaushia taulo. Kilikuwa na dirisha refu upande wa kusini, na bomba la maji ya chemchemi lilipita ukutani likikipasha joto usiku na mchana.

"Toku, hapa watu huja kuoga," Kiyo alisema. "Sasa niogeshe na miti?"

"Haiogi, dada Kiyo. Inataka kulala tu, mahali pasiposhuka chini ya nyuzi kumi."

"Na mimi napata nini?"

"Ndizi."

Kiyo alicheka hadi akashika meza. "Ndizi za Sawame! Nina miaka sabini na mmoja, Toku. Nipe kitu nitakachokiona kabla sijafa. Nipe paa langu. Kila theluji ikivuka magoti, unapanda unaishusha."

"Paa zima?"

"Kwani hapa kwetu theluji huanguka nusu paa?"

Tokuji alikuwa na miaka sitini na mitatu na goti moja lisilopenda ngazi. Alikubali hapohapo, kabla Kiyo hajaongeza na kufyeka majani ya kiangazi.

Alikuwa akiyafunga mashina kwa mablanketi pale kwenye chumba cha taulo alipoingia Luzviminda na kapu lake la nguo. Luz, kama wote walivyomwita, alitoka Ufilipino miaka ishirini na miwili iliyopita kuolewa na mkulima wa mpunga wa Sawame, na kila siku alifanya kazi kwa Kiyo hadi saa tisa. Alisimama mlangoni akatazama.

"Mjomba, unaivika blanketi?"

"Itashikwa na baridi."

"Kwetu migomba inaota nyuma ya choo. Hakuna mtu aliyewahi kuiuliza imelalaje." Aliweka kapu chini, akatia kidole kwenye udongo. "Umeipa maji."

"Kidogo tu."

"Usiipe tena hadi udongo ukauke kidole kizima. Mgomba usiokua haunywi. Na hii miguu yake iondoe kwenye saruji, weka mbao chini. Kata majani ya chini, yabaki mawili ya juu. Ukiuona umekaa kama maiti, usiogope. Umelala huo."

Tokuji alifanya kama alivyoambiwa. Theluji ya kwanza ilianguka wiki ya mwisho ya Novemba, na kufikia mwaka mpya alikuwa amepanda paa la hamamu mara saba. Alifunga kamba kiunoni, akakata theluji kwa beleshi vipandevipande kama mtu akataye keki, akaisukuma ianguke uani. Wazee waliotoka kuoga, nyuso nyekundu na taulo shingoni, walisimama chini wakimpa moyo kwa namna yao.

"Toku, ukianguka, ile migomba tumgawie nani?"

"Mgawie mkeo," alijibu kutoka juu. "Apate kitu cha kutazama nyumbani."

Nyumbani nako mambo yalikuwa yamechukua sura nyingine. Hewa ya hita ya mafuta ya taa ilikuwa kavu, na majani ya ule mgomba mfupi yakaanza kuwa na madoa ya kijivu, na chini yake utando mwembamba kama nywele za mtoto. Ulikuwa utitiri. Tokuji alirudi siku moja kutoka paani, akamkuta Fumie amepiga magoti mbele ya chungu na beseni la maji ya vuguvugu, akifuta jani kwa kitambaa, juu na chini, taratibu kama anayemfuta mgonjwa uso.

"Ulisema hutaki kesi," Tokuji alisema.

"Nafuta vumbi. Ni nyumba yangu, vumbi nitalifuta."

Vumbi lile alilifuta kila asubuhi hadi utitiri ukaisha, na hata ulipoisha hakuacha. Aliuhamisha mgomba mbali na hita, akauweka karibu na dirisha, na akishakunywa chai aliupa habari za majirani. Tokuji akajifanya hasikii.

Katikati ya Januari baridi ilikaza. Siku tatu mfululizo joto halikuvuka nyuzi kumi chini ya sifuri hata mchana. Bomba lililoleta maji ya chemchemi kutoka mlimani likapasuka, na Kiyo akatundika mlangoni kibao cha kufunga hadi mafundi wafike. Barabara ya juu ilikuwa imezibwa na theluji, nao mafundi walichukua siku nne. Tokuji alipoingia kwenye chumba cha taulo asubuhi ya kwanza, kipimajoto kilisoma nyuzi tatu.

Kuihamisha migomba hakukuwezekana, hatua ishirini tu za hewa ile ya nje zingeimaliza. Alileta mabua ya mpunga kutoka ghalani kwa mume wa Luz, akayasokota kuzunguka mashina na vyungu. Juu yake akafunga mifarishi ya zamani, na dirisha akalipigia turubai. Fumie alimpa hita ndogo ya akiba bila kuombwa. Siku hizo nne Tokuji alishinda mle ndani na koti lake, akiongeza mafuta, akifungua kidogo mlango hewa ipite, akisoma kipimajoto kama mtu asomaye barua. Hakikupanda juu ya saba.

Maji yaliporudi na bomba likapata joto, alifungua mifarishi. Mgomba wa kwanza ulikuwa umenyong'onyea lakini ni mgumu. Wa pili, uliokuwa karibu na mlango, shina lake lilibonyea chini ya vidole vyake, na maji ya kahawia yakamchuruzika hadi kwenye mkono wa koti. Aliijua harufu ile. Akaketi juu ya kreti la sabuni, akakaa hivyo hadi Luz akaja kumtafuta.

"Nimeuzamisha tena," alisema.

"Hujauzamisha. Huu umeganda. Una kisu?"

"Cha nini?"

"Lete, mjomba."

Luz alikata shina kwa pigo moja la mshazari, karibu na usawa wa kifua. Ndani palikuwa na pete za kahawia kama kitunguu kilichooza. Akamrudishia kisu. "Sasa wewe. Kata hadi uone nyeupe. Usiuonee huruma. Huruma ndiyo inayoua."

Tokuji alikata kipande, kahawia. Akakata kingine, kahawia. Kila kipande kilianguka sakafuni kwa mchapo wa kitambaa kibichi. Alifika usawa wa goti, bado. Aliendelea, na alipobakiza upana wa kiganja juu ya udongo, kisu kilipita kwenye nyama nyeupe, ngumu, yenye maji safi.

"Hapo," Luz alisema. "Mgomba haufi kwa kukatwa kichwa. Unakufa ukioza mzizi."

Tokuji alipaka jivu kwenye jeraha, akakifunika kisiki kwa mabua. Hakukipa hata tone la maji hadi Machi.

Mwishoni mwa Aprili miti ya cheri ilichanua kando ya mto. Tokuji alivirudisha nyumbani vyungu vya hamamu, na siku moja ya jua zuri, Fumie akiwa amekwenda sokoni, furaha ikamzidi akili. Akautoa nje ule mgomba wa dirishani, akauweka katikati ya ua, kwenye jua, ukae hapo kutwa. Aliona anaufanyia hisani. Fumie aliporudi saa kumi, majani aliyoyafuta kwa miezi mitano yalikuwa yamebabuka, meupe kama karatasi inayofunika milango ya nyumba za kule, kingo zimejikunja.

"Mtu ametoka chumbani baada ya miezi sita," Fumie alisema kwa sauti ya chini, "ukamwanika kama figili."

Hakusema zaidi siku ile, wala siku iliyofuata. Bakuli la wali liliwekwa mezani, chai ikamiminwa, na neno halikutoka. Siku ya tatu Tokuji alichukua kalenda ya ukutani, akakaa mbele ya mkewe, akamwonyesha alichoandika kwa kalamu ya risasi kwenye kila siku ya Mei.

"Nusu saa kivulini, upande wa kaskazini, siku tatu," alisema. "Kisha saa moja. Kisha jua la asubuhi, lile la kabla ya saa tatu tu. Ukivuma upepo, hautoki. Jioni ndani. Wiki tatu, bila kuruka hata siku moja."

Fumie alipitisha kidole kwenye kalenda. "Nusu saa ni nyingi," alisema. "Anza na robo."

Ndivyo ilivyoanza safari ya kila siku. Tokuji alikuwa na kitoroli cha magurudumu manne, na juu yake alipandisha vyungu kimoja baada ya kingine, akavitoa, akavingoja, akavirudisha. Wazee wa hamamu walipita njiani na mabeseni yao mikononi.

"Toku, watoto wanatoka shule saa ngapi leo?"

"Yule mfupi ana mtihani," Tokuji alijibu akiendelea kusukuma. "Usimpigie kelele."

Walicheka, naye akaendelea. Mvua iliponyesha alingoja. Upepo wa kutoka mlimani ulipokuja aliviweka nyuma ya ghala. Tarehe kumi na tisa Mei, siku ambayo kalenda yake ilisema migomba ilale nje kwa mara ya kwanza, Fumie alinusa hewa ya jioni akasema, "Irudishe." Tokuji alisema mbingu ni safi. "Ndiyo maana," Fumie alisema. "Usiku usio na mawingu ndio unaogandisha." Akairudisha. Asubuhi, majani ya viazi yalikuwa meusi kwa jalidi, umande ulioganda, bonde zima. Tokuji alisimama ukingo wa ua akiyatazama, kisha akaingia ndani kumimina chai ya mkewe kwa mkono wake mwenyewe.

Kufikia Juni majani mapya yalitoka mazito na ya kijani cha kiza. Hata jua la mchana hayakuliogopa tena. Kile kisiki nacho, kilichokaa miezi mitano kama kopo lililotupwa, kilisukuma kutoka katikati ncha moja iliyosokotwa kama sigara. Luz alipoiona alimpiga Tokuji kofi la begani, akaenda zake akiimba.

Mwenye habari kubwa, hata hivyo, alikuwa mgomba wa Fumie. Hakuna aliyeuita mfupi tena. Asubuhi moja ya Julai Fumie alitoka na beseni lake, akaliweka chini, akaita, "Baba. Njoo uone." Juu kabisa, kati ya majani, kilikuwa kimechungulia kitu cha zambarau chenye umbo la moyo, kimeinamisha kichwa. Siku kwa siku ganda moja lilijifungua na chini yake kukawa na safu ya vidole vidogo vya kijani. Agosti ilipokwisha kulikuwa na machana manne. Fumie alivihesabu vidole: arobaini na kimoja. Watu walianza kupitia pale wakitoka hamamu, na wale wazee wa mabeseni wakawa wapole ghafla, wakiuliza kama wanaruhusiwa kugusa.

Mgomba haushindwi na mkunguwe, ndivyo wasemavyo waungwana, na kweli haukushindwa, ingawa Tokuji aliuwekea nguzo ya mwanzi kwa wasiwasi. Adui alikuwa kalenda. Septemba ilipofika mwisho ndizi zilikuwa bado nyembamba zenye pembe kali, na baridi ya alfajiri imeshuka hadi nyuzi saba. Zilihitaji miezi mitatu mingine. Tokuji alichukua futi, akapima kutoka chini ya chungu hadi jani la juu: mita mbili na sentimita sabini. Akaingia ndani akapima dari. Mita mbili na thelathini. Akapima tena, kana kwamba dari ingeona haya ikapanda.

Chumba cha taulo cha Kiyo, kilichotosha tena ile miwili mingine, kwa huu kilikuwa kifupi zaidi. Kibanda cha plastiki kingelala chini kwa theluji ya kwanza. Alikaa kwenye kizingiti cha baraza, futi mkononi, na Luz aliyekuwa akipita kwenda kazini akaingia uani.

"Kata mkungu, mjomba. Tuchemshe mbichi na nyama ya nguruwe. Kwetu ni chakula cha heshima."

"Hizi hazichemshwi, Luz. Hizi zitaiva."

"Basi punguza majani uingie ndani."

"Majani ndiyo yanayoulisha mkungu. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

Luz alikuna kichwa. "Hilo nilisema," alikiri.

Fumie alikuwa amesimama nyuma yao muda wote. Alivua aproni, akaikunja. "Lete ngazi," alimwambia mumewe.

"Ya nini?"

"Dari ya nyumba hii ni mbao nyembamba zilizolazwa tu. Baba yako alinionyesha mwaka nilioolewa: ukizisukuma zinainuka. Juu yake ni paa tupu, mita mbili nyingine."

Tokuji alimtazama. Mwaka mzima alikuwa amepanda mapaa, amekata mashina, amechekwa barabarani, na sasa ndiye aliyesitasita. "Fumie, dari ile baba aliijenga kwa mkono wake."

"Najua. Na miaka thelathini na minane nimelala chali nikizitazama mbao zake. Natosheka." Alishashika msumeno. "Utaishika ngazi au nimwite Kiyo?"

Akaishika ngazi. Mbao sita ziliinuka kama alivyosema, zikashusha vumbi la nusu karne na viota vitatu vya panya vikavu. Boriti moja iliyokuwa njiani ilibidi ikatwe, na Fumie aliikata mwenyewe, akipumzika mara mbili, nywele zake nyeupe kwa vumbi. Juu ya shimo Tokuji alijenga hema la plastiki nzito lililofika mhimili wa paa, akalivika mifarishi pande zote. Milango ya karatasi iling'olewa. Mume wa Luz na wazee wawili wa hamamu wakaja kusaidia, na mgomba ukaingia ukiwa umelala kwenye kitoroli, mkungu umefungwa kwa shuka la Fumie, wazee wakinong'onezana kama wamebeba jeneza. Ulipoinuliwa, majani yalipita kwenye shimo, yakajinyoosha juu ya dari. Chumbani likabaki shina, na mkungu ukining'inia usawa wa uso wa mtu aliyeketi kula.

Binti yao alipiga simu kutoka Sendai. "Mama, nasikia mmetoboa dari?"

"Tumeifungua. Kutoboa na kufungua si sawa."

"Lakini, mama, baridi…"

"Tuna makoti."

Na makoti waliyavaa, ndani ya nyumba, kuanzia Novemba. Joto la hita lilipanda lote shimoni, likawaacha wao chini na miguu iliyokufa ganzi. Tokuji alipanda mara mbili kwa siku kukagua hema, akakung'uta unyevu kwenye plastiki ili usidondokee majani. Maji aliyapima kwa kikombe, na tu pale udongo ulipokauka kidole kizima. Paa la nyumba yao alilisafisha kila theluji ilipofika kiganja, isije ikalielemea lile hema hata kidogo. Ndizi zilinenepa taratibu, pembe zake zikafutika, lakini Desemba ikapita zote zingali kijani.

Kiyo alikuja kuwatakia heri ya mwaka, akaketi chini ya mkungu na koti lake, akautazama.

"Zimekomaa hizi. Zimekosa wa kuziamsha," alisema. Alizaliwa kwenye shamba la matofaa. "Zitieni matofaa. Kwetu mama alikuwa akikataza kuweka tofaa ghalani pamoja na kitu chochote, litakiivisha chote."

Walifunga mfuko mpana wa karatasi kuzunguka mkungu, na ndani wakaweka matofaa matano mekundu. Siku nane hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Fumie ndiye aliyetoa amri, na yeye ndiye aliyeivunja. Asubuhi ya siku ya tisa, theluji ikianguka nje kwa wingi, alifungua mdomo wa mfuko akatia uso ndani. Harufu ikamjaa puani. Hakuita. Alikwenda kumshika Tokuji mkono alipokuwa akinawa, akamleta na matone yakimdondoka.

Chana la juu lilikuwa la manjano lote.

Walimwita Kiyo, wakamwita Luz na mumewe. Ndizi zilikuwa fupi, nene, na maganda yake magumu kidogo. Tokuji alimenya ya kwanza akampa mkewe. Fumie alitafuna taratibu, akameza.

"Inafanana na ndizi," alisema.

"Ulitaka ifanane na nini?" Kiyo aliuliza, akiwa tayari anamenya ya pili.

Luz alikula yake amegeukia dirishani, bega lake kwao. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, naye akasema ina uchachu kidogo, ya kwao ni tamu zaidi, kisha akaomba nyingine. Tokuji alikula mwisho. Aliishika mdomoni muda mrefu kuliko ndizi inavyohitaji, na hakuna aliyemharakisha.

Machana mengine yaliiva kwa wiki mbili. Moja lilikwenda kwa wazee waliobeba, moja Luz alilikaanga na sukari pale hamamu kwa kila aliyekuja kuoga, na la mwisho Tokuji alilishusha bondeni kwa pikapu, hadi kwenye shule walikohamishiwa watoto wa Sawame, akarudi bila kueleza mengi isipokuwa kwamba limetosha.

Kisha ikabaki kazi ambayo kila mwenye mgomba anaijua. Mgomba ukishazaa umemaliza. Fumie alileta msumeno uleule, wakaulalisha mti kwa vipande vitatu, wakavitoa nje kupitia baraza. Shina lilitoa maji mengi safi, likalowesha mkeka. Pembeni mwa kisiki machipukizi mawili yalikuwa yamesimama, moja la kimo cha goti, jingine limechomoza tu.

"Tubakishe lile kubwa," Tokuji alisema. "Chungu hiki hakitoshi mawili."

"Basi tafuta chungu cha pili," Fumie alisema. Alishapiga magoti na kitambaa chake cha maji, akianza kufuta jani la lile dogo.